Maili Si Zawadi

Tarehe 13 Septemba 2023 shirika la ndege la Delta la Marekani liliwatangazia abiria wake wa mara kwa mara kwamba kuanzia Januari wangepimwa kwa kitu kimoja tu: dola walizotumia. Umbali waliosafiri na idadi ya safari zao havingehesabiwa tena katika kupanda daraja. Aliyetaka kufika daraja la juu kabisa, Diamond, alitakiwa kutumia dola 35,000 kwa mwaka badala ya 20,000. Waliokuwa wakiingia kumbi za kupumzikia za shirika hilo kwa kuonyesha kadi ya mkopo waliwekewa kikomo cha mara ngapi waingie kwa mwaka. Abiria walichachamaa. Kabla mwezi haujaisha, mkurugenzi mkuu Ed Bastian alikuwa amesimama mbele ya klabu ya Rotary ya Atlanta akikiri kwamba huenda shirika lilipitiliza, na tarehe 18 Oktoba masharti yakalegezwa: Diamond ikawekwa dola 28,000, na daraja la chini, Silver, dola 5,000 badala ya 6,000 zilizotangazwa mwanzoni.

Katika mabishano ya majuma yale matano ilisikika hoja ambayo hurudi kila shirika la ndege linapopunguza marupurupu ya abiria wake, iwe Atlanta, London au Nairobi. Hoja yenyewe ni hii: maili, yaani pointi anazokusanya abiria ili baadaye azitumie kulipia kiti, ni zawadi. Shirika halikulazimishwa na mtu kuzitoa, kwa hiyo lina haki ya kuzipunguza. Ni haki pia, wanaendelea kusema, anayelipa zaidi apate zaidi. Maili zimekuwa nyingi kuliko viti, kwa hiyo lazima bei ipande. Na asiyeridhika, mlango uko wazi, ahamie kwingine. Wanaosema hivyo si mashirika peke yake. Husema wachambuzi wa masoko, husema waandishi wa habari za safari, hata abiria wenyewe husema wanapofarijiana kwenye foleni kwamba mtu halalamikii cha bure.

Hoja hiyo ni potofu tangu mzizi wake, na shahidi wa kwanza dhidi yake ni vitabu vya hesabu vya mashirika yenyewe.

Abiria anaponunua tiketi inayompa maili, shirika haliruhusiwi kuandika fedha yote kuwa mapato ya safari ile. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinachoitwa IFRS 15, kilichoanza kutumika 2018, pamoja na kile cha Marekani kinachofanana nacho, vinalitaka shirika litenge sehemu ya nauli inayolingana na thamani ya maili, na kuiweka upande wa madeni hadi maili hizo zitumike au muda wake uishe. Maana yake ni kwamba abiria amenunua vitu viwili kwa mpigo: kiti cha leo na sehemu ya kiti cha kesho. Vyote amevilipia. Mhasibu anajua, mkaguzi anajua, na wenye hisa husomewa kila mwaka. Ni abiria tu anayeambiwa kwamba amepewa.

Tena sehemu kubwa ya maili haitokani kabisa na mtu kukaa kwenye kiti cha ndege. Mashirika huziuza kwa benki na kampuni za kadi za mkopo, nazo huwagawia wateja wanaponunua mafuta ya gari, chakula au dawa kwa kadi. Mwaka 2023 Delta ilipata takriban dola bilioni 6.8 kutoka American Express kwa makubaliano ya aina hiyo. Janga la Korona liliuanika ukweli huu hadharani. Juni 2020, ndege zikiwa zimeegeshwa na viwanja vikiwa vitupu, United, shirika jingine la ndege la Marekani, iliweka rehani mpango wake wa maili, MileagePlus, ili ipate mkopo, na katika nyaraka zake ikautajia thamani ya dola bilioni 21.9, kiasi kilichozidi thamani ya hisa zote za kampuni hiyo sokoni wakati ule. Machi 2021 shirika la American Airlines nalo lilitumia mpango wake wa AAdvantage kukopa dola bilioni 10. Hakuna mkopeshaji anayepokea ukarimu kuwa rehani. Walichokipokea ni biashara inayoingiza fedha taslimu hata siku ambayo hakuna ndege inayopaa, na fedha hizo zinatoka kwenye mifuko ya watu wanaoamini kwamba maili watakazopewa zitakuwa na thamani ileile siku ya kuzitumia.

Hata asili ya mipango hii haina uhusiano na ukarimu. American ilianzisha AAdvantage Mei 1981, miaka 3 baada ya sheria ya 1978 kuiondoa serikali ya Marekani katika upangaji wa nauli na njia za ndege. Ghafla kila shirika liliweza kuingia njia ya mwenzake kwa bei ya chini. Kumfunga abiria asivutwe na nauli nafuu ya jirani kukawa jambo la kufa na kupona, na maili ndiyo kamba iliyopatikana. United ilifuata ndani ya siku chache. Norway iliiona kamba hiyo ikinyonga ushindani kiasi kwamba mwaka 2002 ilikataza abiria kukusanya pointi katika safari za ndani ya nchi, ili mashirika mapya yapate nafasi mbele ya shirika la ndege la SAS. Katazo hilo lilidumu hadi 2013. Serikali haipigi marufuku zawadi kwa miaka 11. Ilikuwa imetambua kwamba inashughulika na chombo cha soko chenye nguvu ya kubadilisha mwenendo wa watu, na chombo cha namna hiyo huzaa wajibu kwa anayekishika.

Sasa hoja ya pili, kwamba ni haki anayelipa zaidi apate zaidi. Hii ndiyo yenye wafuasi wengi, na ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa karibu.

Achukuliwe muuguzi Mkenya anayeishi Minneapolis na kusafiri kwenda Nairobi mara moja kwa mwaka kupitia Amsterdam, njia ambayo Waafrika Mashariki wa jimbo la Minnesota wanaijua vizuri. Kwenda na kurudi ni zaidi ya maili 16,000 angani. Zamani, kama tiketi yake ilikuwa ya aina inayohesabiwa maili zote, safari moja ilimwingizia maili hizo 16,000. Tangu Januari 2015 Delta humhesabia mwanachama wa kawaida maili 5 kwa kila dola ya nauli, kodi za serikali zikiwa zimeondolewa. Nauli ikiwa dola 1,200, anapata maili 6,000. Kando yake awekwe mkurugenzi anayekwenda Los Angeles kutoka New York na kurudi, safari isiyofika maili 5,000, kwa tiketi ya dola 2,400 iliyonunuliwa na kampuni jioni ya kuamkia safari. Huyu anapata maili 12,000. Ameruka chini ya theluthi ya umbali wa muuguzi, akavuna mara mbili yake.

Watetezi watajibu kwamba mkurugenzi ameliletea shirika fedha zaidi. Lakini mkurugenzi hakulipa. Ililipa kampuni yake, na maili zikaingia katika akaunti yake binafsi. Muuguzi alilipa kwa mshahara wa zamu za usiku, na pengine aliweka akiba miezi kadhaa ili watoto wamwone bibi yao. Mfumo wa kupima kwa dola unamtuza zaidi anayetumia fedha za mwingine, kwa sababu yeye ndiye asiyeuliza bei. Ujerumani ilikwisha kuliona jambo hili likiripuka. Katika kiangazi cha 2002 iligundulika kwamba wanasiasa walitumia kwa safari zao binafsi maili walizozipata katika safari za kikazi, zilizolipiwa na walipa kodi. Gregor Gysi alijiuzulu uwaziri wa uchumi wa jimbo la Berlin kwa ajili hiyo. Wajerumani hawakusema kwamba maili ni zawadi tu, na kwamba zawadi ni ya aliyepewa. Walisema zina mwenyewe, kwa kuwa zina thamani na kuna aliyezilipia. Sheria iliyokuwa sahihi kwa waziri ni sahihi pia kwa shirika la ndege.

Tena hata hiyo kanuni ya dola haifuatwi na wanaoihubiri. Katika masharti ya Delta yaliyoanza 2024, mwenye aina fulani za kadi za American Express anawekewa dola 2,500 za kupandia daraja kila mwaka kwa kuwa na kadi tu. Mwenye kadi mbili za aina hizo anaanza Januari akiwa na dola 5,000, yaani daraja zima la Silver, kabla hajakanyaga ndani ya ndege. Kumbe kinachotuzwa hapo ni ada ya kadi. Muuguzi aliyeruka nusu ya dunia anabaki mwanachama wa kawaida, na mtu ambaye hajasafiri hata mara moja mwaka huo anampita kwenye foleni ya kupanda ndege.

Kwa anayetazama kwa mbali, daraja ni jambo la fahari: kiti cha mbele, kinywaji kabla ya kuruka. Kwa Mwafrika Mashariki wa ughaibuni daraja lina sura nyingine, na sura hiyo huonekana kwenye mzani wa kaunta. Pale ndipo watu hufungua mabegi sakafuni mbele ya foleni nzima, wakitoa viatu vya mpwa, dawa za presha za mzee na nguo za mtoto mchanga, wakihamisha kilo mbili huku na tatu kule ili kila begi lisipite kilo 23. Anayeruhusiwa begi la ziada kwa sababu ya daraja lake hapitii fedheha hiyo, wala halipii ada inayoweza kuzidi thamani ya vilivyomo ndani. Kumwondolea mtu huyo daraja alilojengea mpango wa safari yake ya mwaka ni kumwongezea nauli bila kuitaja. Naye hupata habari hiyo kwa baruapepe yenye picha ya machweo na maneno ya kumshukuru kwa uaminifu wake.

British Airways ilitoa habari za namna hiyo tarehe 30 Desemba 2024, katikati ya sikukuu, wakati watu wako kwa wazazi na ofisi nyingi zimefungwa. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2025 pointi za kupandia daraja zingehesabiwa kwa pauni, pointi moja kwa kila pauni inayostahili. Daraja la Gold, lililokuwa likipatikana kwa pointi 1,500 zilizotegemea umbali na aina ya kiti, sasa likahitaji pointi 20,000. Anayesafiri London hadi Nairobi kwa fedha yake, katika viti vya nyuma, hana njia ya kufika huko kwa nauli za kawaida. Walipewa miezi 3.

Hoja ya tatu inasema maili zimezidi, viti ni vilevile, kwa hiyo bei ya kiti kwa maili lazima ipande. Kwamba maili zimezidi ni kweli. Lakini aliyezizidisha ni nani? Abiria hatengenezi maili. Ni shirika linaloamua litauza ngapi kwa benki, litagawa ngapi kama chambo cha kuchukua kadi, na litafungua viti vingapi kwa wanaolipa kwa maili. Limepokea fedha kwa kila maili iliyotoka mlangoni mwake, kisha wingi wa maili hizo unageuzwa kuwa sababu ya kumpunguzia aliyezinunua. Zaidi ya hayo, mashirika makubwa ya Marekani yameondoa hata uwezekano wa kupima upungufu wenyewe. Februari 2015 Delta iliondoa majedwali yaliyoonyesha kiti cha kwenda bara fulani ni maili ngapi, na United ikafuata Novemba 2019. Siku hizi bei hujulikana unapoitafuta, na kesho inaweza kuwa nyingine. Ni kama muuza duka anayepokea fedha asubuhi na kutaja bei jioni. Katika soko lolote, liwe Kariakoo au Gikomba, mtu wa namna hiyo asingemaliza siku na wateja wake.

Inabaki hoja ya mwisho: ahame. Hii ndiyo yenye ukatili zaidi, kwa kuwa inajifanya kumheshimu abiria kwa kumpa uhuru. Maili hazihami. Aliye na maili 90,000 katika shirika moja hawezi kuzibeba hadi jingine, na daraja alilolifikia kwa miaka haliendi naye. Anapohama anaacha nyuma alichokilipia, na anakohamia anakuta mabadiliko yaleyale: Delta na United ziligeukia dola mwaka 2015, American Agosti 2016, Air France na KLM kupitia Flying Blue Aprili 2018, British Airways 2025 kwa pointi za daraja. Kwa Waafrika Mashariki hilo la Flying Blue lilikuwa karibu sana, kwa sababu kwa miaka mingi huo ndio uliokuwa mpango wa abiria wa Kenya Airways pia, kabla shirika hilo halijaanzisha wake, Asante Rewards.

Na anayekataa kuhama, akaamua kudai haki yake mahakamani? Historia ya Marekani ina majibu mawili. Mwaka 1988 American ilibadilisha masharti ya AAdvantage kwa kupunguza viti na kufunga tarehe fulani, na mabadiliko yakagusa hata maili zilizokwisha kukusanywa. Wanachama walishtaki huko Illinois. Januari 1995 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya American Airlines dhidi ya Wolens, kwamba sheria za majimbo za kumlinda mlaji haziwezi kutumika hapo kwa sababu ya ile sheria ya 1978, ila madai ya kuvunjwa kwa mkataba yanaruhusiwa. Ulikuwa mlango mwembamba, lakini ulikuwa mlango. Mwaka 2014 ukabanwa zaidi. Northwest, shirika jingine la ndege, ilikuwa imemfukuza katika mpango wake wa WorldPerks rabi Binyomin Ginsberg wa Minnesota, ikidai kwamba alilalamika kupita kiasi. Alipodai kuwa hakutendewa kwa nia njema, majaji wote 9 walikubaliana kwamba dai hilo nalo linazuiwa na sheria ileile. Sasa mkataba wenyewe umeandikwa na shirika, na ndani yake kuna kifungu kinachosema shirika linaweza kubadilisha masharti wakati wowote. Mkataba wa aina hiyo unavunjwa vipi?

Watetezi wa mashirika hukitaja kifungu hicho kana kwamba kinamaliza mjadala: abiria alikubali. Alikubali, ndiyo, kwa kubonyeza kisanduku chini ya kurasa ambazo hakuna anayeweza kuzijadili wala kubadilisha hata nukta yake. Kifungu kinalilinda shirika dhidi ya kesi. Hakiwezi kugeuza deni lililoandikwa vitabuni likawa hisani.

Kuna mahali ambapo mashirika yana haki, na ni vizuri kulisema wazi. Kumbi za kupumzikia zilikuwa zimefurika kweli. Mfumo wa zamani wa umbali ulizaa watu waliokuwa wakipanda ndege kwenda na kurudi siku hiyohiyo kwa ajili ya maili tu. Shirika linaweza kusema kwamba kuanzia mwaka ujao tiketi fulani itatoa maili chache zaidi. Abiria atalinganisha na kuamua. Lisiloweza kulifanya kwa haki ni kurudi nyuma na kupunguza thamani ya kilichokwisha kulipwa. Safari zijazo ni mali ya mashauriano mapya. Maili za jana zimeshalipiwa.

Na anayesema kuzilinda haiwezekani atazame Septemba 2024. Alaska Airlines ilipotaka kuinunua Hawaiian, Wizara ya Uchukuzi ya Marekani iliweka sharti kwamba maili za wanachama wa Hawaiian zibadilishwe moja kwa moja bila kupunguzwa thamani, na zisifutwe. Mashirika yalikubali, muungano ukapita. Mwezi huohuo waziri Pete Buttigieg aliziandikia Delta, American, United na Southwest akizitaka zitoe kumbukumbu za jinsi zinavyopanga na kushusha thamani ya maili, ndani ya siku 90. Delta yenyewe ilikuwa imeonyesha mwaka uliotangulia kwamba masharti yaliyotangazwa kuwa ya lazima yanaweza kulegezwa ndani ya majuma 5 abiria wakipaza sauti.

Kenya haina sababu ya kusubiri Washington. Kifungu cha 46 cha Katiba yake kinampa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma, na wananchi wake wanalijua jambo hili hata nje ya viwanja vya ndege: kampuni ya simu ya Safaricom ilipotangaza Oktoba 2022 kwamba Bonga Points, yaani pointi za wateja wake, zilizopita miaka 3 zingefutwa, watu walielewa mara moja kwamba ni mali yao iliyokuwa ikizungumzwa. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya na Tume ya Ushindani ya Tanzania zinaweza kuyaandikia mashirika yote yanayouza tiketi Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar, yakiwemo ya nje, na kuyauliza maswali manne: maili moja ina thamani gani katika vitabu vyenu, mmeuza ngapi kwa benki, bei ya viti kwa maili imepanda kiasi gani katika miaka mitano, na mtatoa taarifa ya muda gani kabla ya badiliko linalofuata. Majibu yachapishwe kwa Kiswahili, magazetini, mahali ambapo anayenunua tiketi yatamfikia kabla hajalipa. Naye abiria asiache baruapepe ya shukrani ipite hivihivi. Aijibu kwa maandishi, ataje idadi ya maili zake na tarehe alizozipata, na nakala aipeleke kwa mamlaka hizo.